Diski ya Kwanza

Kasha lilikuwa bado linalia Khairat alipomaliza ngazi. Mlio mwembamba, kimya kidogo, mlio tena, na kila ulipotoka Bi Mwanalima alishtuka upya. Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, kishada cha funguo kimemlalia mapajani. Mwanamke aliyewasomesha chuo cha Kurani watoto wa kisiwa cha Chula miaka ishirini, aliyepita vitani mara tatu bila kupandisha sauti, leo midomo ilikuwa inamcheza.

"Limeanza lini kulia?" Khairat aliuliza.

"Jenereta lilipowashwa tu. Saa mbili," alijibu Abdulhakim, mkuu wa ofisi. Alikuwa amesimama mlangoni na miwani mkononi, shati limemganda mgongoni. "Nimefungua ukurasa wa mashine. Yasema diski ya kwanza haipo."

"Ya kwanza," Bi Mwanalima alirudia kwa Kibajuni chake. "Wachu wangu wamekwisha."

Khairat alichuchumaa mbele ya lile kasha, chuma cheusi kisichozidi kikapu cha mikate, ambamo diski nne husimama bega kwa bega na kompyuta zote za ofisi hupeleka kazi yao humo kwa waya. Akafungua kijimlango cha mbele.

Mjini Kismayo watu waliiita ofisi yao Ofisi ya Majina, ghorofa moja juu ya nyumba kongwe ya mawe karibu na bandari. Tangu mwaka uliopita wa 2013, watu wa visiwani walikuwa wakipanda ngazi zile kueleza nyumba ipi ni ya nani, kisima kipi kilichimbwa na babu wa nani, nani aliwafukuza mwaka wa 1991 na nani aliwafukuza tena waliporudi. Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa na roho za watu ndani yake. Watu arubaini na watatu walimtaja mtu mmoja, mwenye wapiganaji na boti, ambaye mpaka leo alikuwa yuko mjini humu na kila mtu alimwita Kamanda kwa kuogopa kumwita jina lake. Wengi katika hao arubaini na watatu walikuwa wamesharudi visiwani, Chula na Kudhaa. Walikuwa wanalala kwenye nyumba zile zile walizozidai.

Kazi ya Khairat ofisini ilikuwa kuhakiki: kupima kila ushahidi kama ni kweli au ni wa kupikwa. Kabla ya hapo alikaa miaka kumi Mombasa akichunguza maduka yaliyoungua kwa ajili ya kampuni ya bima, na huko alijifunza kwamba moshi hausemi uongo, anayesema uongo ni mwenye duka. Lakini duka likiungua limeungua. Hapa kitu kilichoungua kilikuwa hakijaonekana bado, na huenda kilikuwa kinawaka wakati huu huu.

"Tuwapigie," alisema Bi Mwanalima. "Waondoke leo hii."

"Tusiwatie watu wahaka," Abdulhakim alisema. "Tungoje hata kesho. Tukiwatoa bure je?"

Hapo ndipo mfupa ulipokwama kooni, na wote watatu walijua. Wakikaa na majina yamevuja, watauawa. Wakiondoka na majina hayajavuja, nyumba zitabaki tupu, na nyumba tupu katika visiwa vile hazikai tupu hata siku tatu. Watu wa Kamanda wataingia, watapika kwenye mafiga yao, na kesi yote itakuwa maji. Khairat mwenyewe alitolewa Chula ana miaka kumi na mmoja, amebeba birika, na nyumba ya baba yake mpaka leo haimjui mwenyewe.

"Nipeni mpaka Adhuhuri," alisema. "Kabla ya Adhuhuri nitawaambia wakae au watoke."

Alianza na kilichokuwa mbele yake. Trei nne zilikuwa zimesimama wima, zote zimefungwa vizuri. Taa tatu zilikuwa zinawaka kijani. Ya trei ya kushoto kabisa ilikuwa imezimika. Akaivuta. Ilitoka nyepesi, tupu, na skrubu zake nne ndogo zilikuwa zimewekwa ndani ya trei kwa adabu, hakuna hata moja iliyoanguka sakafuni.

"Mwizi hakuwa na haraka," alisema. "Alitoa diski, akairudisha trei mahali pake. Alitaka tusijue."

"Mbona limelia?" Bi Mwanalima aliuliza.

"Kwa sababu yeye hakujua kwamba hulia."

Aliendelea na maswali, mafupi mafupi, kama alivyozoea. Kasha huzimwa saa ngapi? Jenereta likizimwa, saa saba mchana. Jana lilizimwa likiwa zima? Zima, taa zote nne. Chumba kikafungwa lini? Bi Mwanalima alikwenda kutawadha na kuswali, dakika ishirini hivi, akarudi akafunga. Ufunguo? Haujamtoka kiunoni. Basi dakika ishirini hizo. Askari wa mlango wa chini hupekua mikoba ya kila anayetoka, lakini hapapasi miili ya watu, na diski moja haizidi kitabu kidogo. Mtu akiichomeka kiunoni chini ya shati hupita nayo. Diski nne zisingepita.

"Nani alipanda hapa jana saa saba?"

"Bakri," alisema Abdulhakim upesi. "Yule fundi wa duka la kompyuta. Alikuja kuchukua feni mbovu. Na ana sanduku la vyombo, askari amemzoea, halifungui."

Bakri ndiye aliyewauzia diski na kulipanga kasha. Khairat aliandika jina lake, akalipigia mstari. Kisha akaomba daftari.

Daftari la kasha lilikuwa la Bi Mwanalima. Aliliandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyoandika kila kitu maishani mwake, kuanzia orodha ya samli hadi barua za posa. Khairat alisoma polepole kwa kidole. *Diski ya kwanza na ya pili, majina. Ya tatu na ya nne, picha za makaburi.* Ya pili ilikuwa pacha wa ya kwanza, imebeba kila kilichomo ndani ya mwenzake, na ya nne pacha wa ya tatu, ili moja ikifa nyingine iseme yote. Kwa hiyo aliyeiba moja tu ya majina ameiba yote.

Kidole chake kilikuwa kinatoka kulia kwenda kushoto. Kikasimama.

Aliinua macho. Ukutani, juu ya kichwa cha Bi Mwanalima, kulikuwa na misumari minne ya kutundikia funguo za vyumba. Chumba cha kwanza ni kile cha mbele, cha wageni. Kibao cha ufunguo wake kilikuwa kwenye msumari wa mwisho wa kulia.

"Bi Mwanalima," alisema taratibu, maana aliogopa kulivunja wazo lenyewe. "Ulipoambiwa diski ya kwanza haipo, uliitazama?"

"Niitazame ya nini? Nimeambiwa na mkuu wangu, nikakaa kitako. Miguu ilikatika."

"Hebu inuka, mama. Nioneshe diski ya kwanza ni ipi."

Bi Mwanalima aliinuka kwa kujishika ukutani. Akapeleka kidole, na kidole kikaenda moja kwa moja kwenye trei ya kulia kabisa, yenye taa ya kijani.

"Si hii? Moja, mbili, chachu, nne." Alihesabu kwa Kibajuni chake, kidole kikirudi kushoto, hadi kwenye trei tupu. Kikabaki hapo. "Hiyo... hiyo ni ya nne."

"Mashine yasema ya kwanza," alisema Abdulhakim.

"Mashine haikusoma chuo, Ami. Mashine huhesabu kwa kuanzia kushoto. Bi Mwanalima ameanza kuume." Khairat alisikia sauti yake mwenyewe ikipanda kwa furaha, akaiacha ipande. "Kilichoibwa ni picha za makaburi! Majina haya hapa." Akagonga kwa ukucha trei ya kulia. "Yako hapa yote."

Bi Mwanalima alifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti.

"Una hakika?" Abdulhakim aliuliza.

"Daftari limesema, na mwenye daftari amesema."

"Una hakika kabisa? Ya kuume?" Alishusha pumzi ndefu, akafuta miwani, akaivaa, akaivua tena. Khairat alimhurumia. Mzee wa miaka sitini na mbili, aliyekuwa rafiki wa baba yake tangu utotoni Chula, na siku hizi alikuwa amekonda kwa wiki moja kana kwamba ametoka homani.

"Nitakuwa na hakika zaidi nikimsikia Bakri," alisema. "Yeye ndiye aliyezitia. Na yeye ndiye nina maswali naye. Msiliguse kasha mpaka nirudi."

"Nenda, binti yangu," Abdulhakim alisema. "Mimi nipo."

Duka la Bakri lilikuwa mtaa wa tatu, baada ya soko la samaki. Khairat alitembea upande wa kivuli, hakukimbia, maana mtu anayekimbia Kismayo hutazamwa. Gari la wapiganaji lilipita pole pole na bunduki kubwa nyuma yake. Alitazama chini mpaka likapita.

Bakri alikuwa amekaa nyuma ya meza, mkononi bisibisi ndogo, mbele yake diski ya kampuni ile ile na ya umbo lile lile, imelazwa juu ya kitambaa.

Khairat aliingia, akasukuma mlango nyuma yake.

"Hiyo umeitoa wapi, kaka Bakri?"

"Salama, dada Khairat?" Bakri alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. "Hii? Ya duka la picha. Nawatengenezea kasha kama lenu."

"Igeuze."

Aliigeuza. Khairat alikuwa amenakili namba ya diski iliyoibwa kutoka kwenye daftari, na sasa aliisoma herufi kwa herufi dhidi ya kibandiko. Haikuwa yenyewe. Lakini vibandiko hubanduka.

"Ichomeke," alisema. "Nataka kuona imetumika kiasi gani."

Bakri alimtazama, akaelewa kwamba anashukiwa. Hakukasirika. Mtu aliyeishi mji huu miaka yote hii hajui tena kukasirika kwa jambo hilo. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua ukurasa mmoja, akamgeuzia kioo.

"Kila diski hujihesabia saa zake tangu ilipowashwa kwanza," alisema. "Haifutiki kwa kidole. Zenu zina zaidi ya saa elfu mbili. Soma hii."

Kioo kilionyesha kwamba imetumika saa nne tu.

Khairat alivuta kigoda, akakaa. "Nisamehe. Diski yetu imeibwa jana saa saba, na wewe ulipanda."

"Nilipanda, nikapewa feni na Bi Mwanalima mlangoni, nikashuka. Hata ndani sikuingia, muulize." Aliweka bisibisi chini. "Imeibwa ipi?"

"Kwanza nieleze ulivyozipanga. Toka mwanzo. Nieleze kama mtoto."

Bakri alikuwa mtu wa kuipenda kazi yake, na hata hofu haikumzuia kuieleza. Walipomjia, alisema, Abdulhakim alitaka diski za kawaida za mezani, zile za kompyuta moja. Yeye akakataa. Diski ya mezani ikishindwa kusoma mahali hung'ang'ana hapo dakika nzima, na kasha likiisubiri bila jibu hudhani imekufa, likaitupa nje ya kundi. Tena nne zikizunguka pamoja hutikisana, na za mezani hazikuumbwa kuvumilia kutikiswa na jirani. Akawachagulia zilizotengenezwa kwa makasha, za mzunguko wa taratibu, zisizopata joto sana, kwa sababu chumba chao hakina upepo. Na hakuzitoa katoni moja.

"Kwa nini?"

"Ndugu wa tumbo moja hufa kwa ugonjwa mmoja. Mbili zilitoka Dubai, mbili Mombasa. Kila pacha nikampa mwenzake wa katoni nyingine, ili zisife siku moja."

"Ukazipanga kutoka wapi?"

"Kushoto jozi ya kwanza, kulia jozi ya pili, kama mashine inavyohesabu. Nikamuuliza Bi Mwanalima, majina yakae jozi gani? Akaniambia, jambo la kheri huanza kuume. Akaniwekea mkono juu ya zile za kulia. Nikamtilia huko."

Mashahidi wawili sasa, na hawakupangana. Khairat alifumba macho kidogo. Watakaa, alijiambia. Watu wa Chula watakaa majumbani mwao.

"Basi aliyeiba ameondoka na makaburi," alisema. "Ila, hata angepata ya majina, angehitaji neno la siri la Bi Mwanalima. Ofisi nzima yajua kwamba hata mkuu hawezi kuyafungua bila yeye."

Bakri alitikisa kichwa.

"Neno la siri ni la kasha, dada. Ni kitasa cha mlango. Ukipita mlangoni utaulizwa. Lakini aliyeibeba diski yenyewe mkononi amebomoa ukuta, nani amuulize? Ili diski yenyewe isisomeke nje lazima ifungwe yenyewe, kwa ufunguo wake. Nilitaka kuzifunga."

"Zimefungwa. Ami Abdulhakim alituambia kwenye kikao kwamba zimefungwa."

"Hazikufungwa." Bakri alisema polepole. "Yeye mwenyewe alikataa. Alisema kasha litakuwa zito, vijana watalalamika. Nikamwambia litapungua mwendo kidogo tu. Akasema acha hivyo hivyo."

Nje mtu alikuwa anauza ndimu kwa sauti kubwa. Khairat aliisikiliza sauti ile mpaka ikapita, maana hakutaka kufika pale akili yake ilipokuwa inakwenda.

"Ni nani anayejua kwamba hazikufungwa?"

"Mimi na yeye. Na sasa wewe." Bakri alijikuna shingo. "Dada, jana alikuja hapa. Asubuhi, saa tatu. Alitaka waya wa kusomea diski nje ya kasha."

"Jana asubuhi? Si leo?"

"Jana. Nikampa. Nikamtahadharisha kwamba akiichomeka kwenye laptopu ya kawaida haitaisoma, itamwambia haijulikani, aifute ianze upya; asikubali. Nikamwambia apate mtu mwenye mashine inayoelewa lugha ya makasha, ataisoma kwa nusu saa."

Wizi ulikuwa jana saa saba. Mtu aliyenunua waya wa kusomea diski saa nne kabla diski haijaibwa alikuwa anajua itaibwa. Na kama aliichomeka usiku kwenye laptopu yake, haikumwonyesha kitu. Hakujua kama ameshika majina au makaburi. Aliamini ni majina, kwa sababu mashine ilisema ya kwanza na daftari lilisema ya kwanza. Angeipeleka leo kwa furaha, na Kamanda angefungua akakuta mawe ya makaburi.

Mpaka alipokuja mwerevu mmoja akamwambia amekosea.

"Kwa nini?" alisema Khairat. Hakujua kama anamuuliza Bakri au nani. "Ami Abdulhakim! Alizaliwa Chula. Dada zake wamezikwa Chula."

"Mwanawe je?" Bakri alisema. "Mohamed. Si wamemshika kwenye kizuizi cha njia ya uwanja wa ndege? Leo siku ya nane. Yuko mikononi mwa Kamanda. Nilidhani mwajua."

"Alituambia amekwenda Mombasa."

Bakri alikuwa amemtazama usoni na kile alichokiona kilimfanya asimame.

"Dada. Umemwambia nini?"

Safari hii alikimbia. Alikimbia katikati ya njia, viatu mkononi, buibui limejaa upepo, na watu waligeuka kumtazama na hakujali. Aliogopa kwa mwili mzima, hofu ile ya utotoni, ya kukimbilia ufukweni na birika huku mtu nyuma anaita majina ya watoto wake. Hofu ilimsukuma mgongoni mpaka mlango wa nyumba ya mawe.

"Ami katoka?" alimuuliza askari.

"Zamani. Robo saa. Gari lilikuja kumchukua."

"Ulimpekua?"

"Mkuu? Hakuwa na mkoba." Askari alicheka, kisha akauona uso wa Khairat, akatazama upande mwingine.

Alipanda ngazi mbili mbili. Chumba cha kasha kilikuwa wazi. Kasha lilikuwa linalia, lakini mlio ulikuwa umebadilika, sasa ulikuwa mmoja mrefu usiokatika. Bi Mwanalima alikuwa amekaa mkekani ametulia, tasbihi mkononi, uso wa mtu aliyepumzika baada ya msiba. Trei ya kulia ilikuwa wazi, imevutwa hadi mwisho. Safari hii hakuna aliyejisumbua kuirudisha. Skrubu zilikuwa zimetawanyika sakafuni.

"Mwanangu, umerudi? Bakri amesemaje?"

"Diski iko wapi, Bi Mwanalima?"

"Ipi?"

"Ya kwanza! Ya kwanza iko wapi?"

Tasbihi ilisimama. "Si umeitaka wewe? Abdulhakim amesema umepiga simu, waitaka dukani mara moja, Bakri aitazame. Nikamfungulia mimi. Nikamshikia na taa, mchu macho yake hayaoni, mikono yamtetemeka." Alimtazama Khairat, na polepole uso wake ukaanza kuelewa. "Si wewe uliyemtuma?"

Khairat alikaa chini, sakafuni kati ya skrubu.

Robo saa tangu gari liondoke. Nusu saa ya kuisoma. Kutoka bandarini hadi Chula, boti yenye injini mbili haihitaji zaidi ya saa nne. Hesabu ilikuwa rahisi, mtoto angeiweza. Aliirudia mara tatu akitafuta mahali alipokosea, na hakukosea popote. Leo nzima hakukosea popote. Kila alichokisema kilikuwa kweli, na alikisema mbele ya mtu asiyestahili kukisikia.

"Mpigie Mwanabibi," alisema.

Mwanabibi alikuwa binti wa ndugu yake Bi Mwanalima, mwenye nyumba ya mwisho kabla ya msikiti wa Chula. Alikuwa shahidi wa kumi na saba. Simu yake ndiyo iliyotumika kuwaita wengine wote, wa Chula kwa miguu na wa Kudhaa kwa kuwapigia. Bi Mwanalima alibonyeza namba, akakosea, akabonyeza tena. Mkono wake wa pili ulikuwa umemshika Khairat kifundo cha mkono, na kucha zilikuwa zinaingia.

Simu iliita mara nne.

"Mwanabibi. Nisikiza, usinikate. Watoe wachu. Wote, wote waliotoa ushahidi. Sasa hivi." Akanyamaza akisikiliza. "Ndiyo, leo. Si kesho. Msingoje maji yajae. Wa Kudhaa wapigie kwanza, wao wako mbali... Usichukue kichu, mwanangu. Wacha. Wacha na chungu motoni, wacha."

Kasha lilikuwa linalia mlio ule ule mmoja. Khairat alinyoosha mkono akang'oa waya wa umeme. Chumba kikawa kimya, na katika kimya hicho sauti ya Mwanabibi ilisikika wazi kutoka kwenye simu, nyembamba, haina machozi bado. Alikuwa anauliza jambo moja, na alilirudia, kwa sababu shangazi yake hakuwa anajibu.

"Nani katuchongea? Shangazi? Niambie ni nani, niwaambie wachu."

Bi Mwanalima aliitoa simu sikioni akaitazama. Alifungua mdomo kulitaja jina la Abdulhakim, na Khairat alimwona. Akampokonya simu.

"Mwanabibi, ni mimi. Khairat wa Gharibu."

"Khairat? Dada, wewe wajua? Ni nani?"

"Waambie ni mimi," alisema Khairat. "Mimi ndiye niliyeonyesha yalipo majina. Waambie hivyo, halafu tokeni."